Jongoo na Mti Wake: Siku Moja Bamburi

Nilipomwambia mjomba kwamba Jumamosi ile ningewapeleka watoto Haller Park, bustani ya wanyama iliyo katika timbo la zamani la mawe huko Bamburi, Mombasa, na kwamba ningefurahi sana kama naye angefuatana nasi, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza ni mnyama gani awezaye kuishi katika shimo lile. Hakuwa akifanya mzaha. Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu, alifanya kibarua cha kupakia mawe Bamburi katika ujana wake, kabla ya mwaka 1971, na picha aliyobaki nayo kichwani ilikuwa ya timbo jeupe lisilo na hata unyasi, ambamo jua la saa sita lilipiga chini likarudi juu kumpiga mtu usoni mara ya pili. Kwa zaidi ya miaka hamsini amekuwa akipita barabara ya Malindi kwenda kuwazuru jamaa zetu wa Mtwapa na Kilifi, na hajapata kushuka garini pale. Alikwisha kuona yaliyokuwepo, na hakuona sababu ya kuyaona tena.

Alikubali kwa ajili ya watoto. Tulivuka daraja la Nyali saa tatu asubuhi, mimi, mjomba, mwanangu wa miaka kumi na mmoja na binti yangu wa miaka saba, tukapita Kongowea penye malori ya mboga na vitunguu, tukashuka Bamburi tukiwa na kikapu cha mahamri, mbaazi za nazi na chupa ya chai. Niliufunga mfuniko wa kikapu kwa kamba, kwa sababu nilijua habari za tumbili wa pale.

Kabla sijaendelea, ningependa kusema kwa nini nilichagua bustani ndogo badala ya kujibana na kuwapeleka watoto Tsavo. Tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya inayotoka Mombasa kwenda Nairobi hukatiza Tsavo, na watoto wangu wamekwisha kuipanda mara mbili. Mara ya kwanza walimwona ndovu dirishani kwa muda ambao mtu hawezi hata kumaliza kumeza mate, na mara ya pili hawakumwona kabisa. Waliporudi walijua kwamba ndovu yupo, lakini hawakujua anavyokula, anavyogeuza sikio, wala namna anavyotua mguu. Mtoto hahitaji wanyama wengi. Anahitaji mnyama mmoja ambaye anaweza kusimama mbele yake mpaka achoke kumtazama, kisha amtazame tena. Mahali padogo panapoweza kuzungukwa kwa miguu midogo katika asubuhi moja panampa nafasi hiyo, nami naamini kwa dhati kwamba mzazi wa Mombasa anayedhani hana cha kumwonyesha mwanawe mpaka apate fedha za safari ya mbugani anajinyima bure.

Jambo la kwanza unalolihisi ukiingia ni kwamba unashuka. Bustani iko chini ya usawa wa barabara, kwa kuwa ni sakafu ya timbo lenyewe, na kadiri unavyoteremka ndivyo joto la barabarani linavyokuacha na sauti ya magari inavyofunikwa na sauti nyingine, ile ya upepo unaopita katika majani ya mivinje. Mtu wa Pwani anaijua sauti hiyo kutoka ufukweni. Inafanana sana na sauti ya bahari, hata binti yangu aliuliza kama tumekaribia maji. Mjomba hakusema neno. Alikuwa akitazama huku na huku kwa namna ya mtu aliyeingia nyumba ya jirani akiidhania yake, na baada ya muda nilifahamu kwamba alikuwa akitafuta ukuta. Timbo lina kuta, yaani kingo za mwamba zilizoachwa pale uchimbaji ulipokoma, na alijua kwamba akiupata mmoja atajua amesimama wapi.

Aliupata nyuma ya vichaka, umefunikwa na mizizi na kuvu. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe, akakiacha hapo.

Jiwe lenyewe lina historia ndefu kuliko sisi sote. Ni matumbawe, mwamba uliojengwa na viumbe wadogo wa baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ni jamii ya mawe yale yale yaliyojengewa kuta za Fort Jesus mwishoni mwa karne ya 16 na nyumba za Mji wa Kale. Uchimbaji wa mwamba huo kwa ajili ya saruji ulianza Bamburi mwaka 1954, na kila eneo lilipokwisha kuchimbwa likaachwa wazi, sakafu tupu ya mawe, yenye maji ya chumvichumvi karibu sana na uso wake. Mjomba aliwaeleza watoto kwamba katika siku zake hapakuwa na kivuli isipokuwa cha lori, na kwamba wakati wa chakula wanaume walilala chini ya malori yaliyosimama, wakijibanza kufuata kivuli kilivyohama. Aliwaambia pia kwamba joto la mwamba lilipenya soli ya kiatu. Mwanangu alitazama chini, kwenye zulia la majani makavu lililokuwa laini kama godoro, na niliona dhahiri kwamba hakuweza kuviunganisha vitu hivyo viwili.

Aliyeviunganisha ni mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyefika Bamburi mwaka 1959, na ambaye mwaka 1971 alianza kujaribu kuotesha miti katika sakafu ile. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, na iliyoongoza ni mvinje, mti ambao kwetu hakuna aliyeuthamini kwa lolote isipokuwa nguzo, boriti na kuni. Lakini mvinje huvumilia chumvi, na katika mizizi yake huishi bakteria wenye uwezo wa kunasa naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, kwa hiyo unaweza kukua mahali ambapo hakuna udongo wa kuulisha. Miche ilipandwa katika mashimo yaliyotobolewa kwenye mwamba, ikashika, ikarefuka.

Hapo ndipo ilipozuka taabu ambayo mimi huiona kuwa kiini cha habari yote ya Bamburi. Mvinje hauna majani mapana. Una vijiti vyembamba vya kijani, mithili ya sindano, ambavyo hukauka na kuanguka kwa wingi, navyo vimejaa tanini, ile dutu chungu inayozuia vitu kuoza upesi. Sindano zilianguka mwaka baada ya mwaka, zikarundikana juu ya jiwe, wala hazikuoza. Palikuwa na msitu juu na jiwe chini, na katikati takataka kavu isiyomfaa yeyote. Msitu usioweza kula majani yake wenyewe hauwezi kutengeneza udongo, na pasipo udongo hakuna mti mwingine utakaoota, wala nyasi, wala mnyama wa kula nyasi hizo.

Aliyelitatua jambo hilo ni jongoo. Haller alimwona akitafuna sindano za mvinje, akaagiza majongoo waokotwe kwa mamia na kuletwa timboni. Ni jongoo huyu huyu wa kwetu, mweusi anayeng'aa, mwenye miguu myekundu, ambaye masika yakianza tunamfagia kutoka barazani pamoja na maji. Majongoo walikula kile ambacho bakteria hawakuweza kukianza, na kinyesi chao, kilichokwisha kusagwa na kulainishwa, kikawapa bakteria pa kuanzia. Mboji ikatokea. Waswahili husema, mtupa jongoo hutupa na mti wake, na maana tunayoijua ni kwamba ukiachana na kitu kibaya achana na kila kilichokigusa. Bamburi walimtupa jongoo pamoja na mti wake, mvinje, lakini waliwatupa kwenye jiwe ili wakae, na hao wawili ndio walioleta wengine wote.

Kijana aliyekuwa akituongoza alichutama kando ya njia, akaondoa sindano za juu kwa vidole. Chini yake zilikuwa sindano za kahawia zilizoanza kuvunjika, na chini ya hizo palikuwa na udongo mweusi, wenye unyevu, unaonukia mvua. Alimwomba binti yangu autie mkono. Binti yangu hakutaka, kwa kuwa alikuwa amemwona jongoo mmoja akijikunja pembeni, na kwa miaka yake saba amekuwa akiamini kwamba jongoo huuma. Hilo ni kosa la watoto wengi wa mjini, wanaomchanganya jongoo na tandu. Kijana alimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mimi: tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, hukimbia, huwinda na huuma, ilhali jongoo ana jozi mbili katika pingili karibu zote, huenda taratibu na haumi, silaha yake ni kujizungusha na kutoa majimaji yanayonuka yanayoweza kuchafua ngozi. Baada ya hapo alimpa kijiti. Binti yangu alimsogezea jongoo kijiti hicho, jongoo akajikunjua, akapanda, na tulisimama pale muda mrefu kuliko tuliosimama mbele ya mnyama mwingine yeyote siku hiyo, huku mjomba ameinama, mikono magotini, akitazama udongo badala ya jongoo. Aliuliza una kina gani. Aliuliza swali hilo mara mbili.

Saa tano ilipofika tulikwenda kuwalisha twiga, na hapo sina haja ya kueleza sana, kwa sababu kila familia iliyofika pale inayo picha yake. Unapewa chakula cha punje kiganjani, na ulimi mrefu wa sentimita 45 hivi, wa rangi ya samawati iliyokoza hadi kukaribia weusi, unakuja na kukizoa chote kwa mpigo mmoja. Mwanangu, ambaye siku hizi hujitahidi asionekane mtoto, alipiga kelele kwa furaha. Nilimwambia kwamba shingo ile yote ina pingili saba tu za uti, sawa kabisa na idadi iliyo shingoni mwake yeye, naye akajishika shingo na kuanza kuhesabu.

Kilichonigusa zaidi kilikuja baadaye, tulipofika kwa swala. Mwanangu alinyosha kidole na kusema, "Mama, swala." Tulipopiga hatua chache akaona mwingine, mkubwa kuliko ng'ombe, akasema tena, "Swala." Aliyefuata, mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki, naye akawa swala. Ni mwanafunzi mzuri, lakini kwake kila mwenye pembe na kwato ambaye si mbuzi ana jina moja. Mjomba aliyesoma hadi darasa la nne ndiye aliyemsahihisha. Yule wa kwanza ni kuro, akasema, mtazame nyuma, ana mduara mweupe, na hakai mbali na maji. Yule mkubwa ni pofu, hakuna wa jamii yake anayemfikia kwa mwili. Mwenye mikuki ni choroa, mnyama wa nchi kame, anayeweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji. Na yule mdogo mwenye madoa meupe aliyekuwa amejificha kichakani, ambaye mimi mwenyewe sikumwona mpaka nilipoonyeshwa, ni pongo. Mjomba aliyajua majina hayo utotoni, kabla hajaja mjini.

Nilisikitika, na nasema hivyo bila kuficha. Majina haya si ya vitabuni peke yake. Yalisemwa na watu waliowajua wanyama hawa vya kutosha kuwatofautisha, na kila jina lina habari ndani yake ya nyasi anazokula na mahali anapolala. Mtoto akibaki na neno moja kwa wanyama wanne, basi wanyama watatu wamemtoka, hata kama wamesimama mbele yake. Tangu siku ile tumekuwa na desturi nyumbani ya kutafuta jina la Kiswahili la kila kiumbe tunachokiona, na tumekwisha kupata mnandi, yule ndege mweusi anayetandaza mbawa zake juani baada ya kupiga mbizi, na mdiria, mvuvi mwenye mdomo mrefu, na kwera, fundi wa viota vinavyoning'inia. Wote watatu wapo Bamburi, kwenye mabwawa.

Mabwawa yenyewe ni tunda lingine la uchimbaji. Walipochimba hadi kukaribia maji ya chini ya ardhi, kila palipozidi kina palijaa maji, na katika maji hayo wakafugwa perege, kisha wakaja ndege, kisha mamba wakapewa pao. Tulipofika kwa mamba, mwanangu aliona kiumbe kingine kikitambaa ukingoni, kirefu, chenye ulimi uliogawanyika, akadhani ni mtoto wa mamba. Ni kenge. Mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akamwambia, "Katika msafara wa mamba, na kenge wamo." Mwanangu alikuwa amejifunza methali hiyo darasani bila kupata kumwona kenge, naye alisimama akimwangalia yeye na mamba, mmoja baada ya mwingine, mpaka aliporidhika kwamba watu wa kale hawakusema uongo. Nyoka tuliwapita haraka. Binti yangu alikwisha kutumia ujasiri wake wote kwa jongoo.

Watu wengi, wakiwemo wageni kutoka ng'ambo, huja Haller Park kwa sababu ya kiboko Owen na kobe Mzee, na watoto wangu pia walikuja na habari yao mdomoni. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake baharini karibu na Malindi mwezi wa Desemba 2004, siku za tsunami, baada ya kundi lake kusombwa na mto Sabaki. Wavuvi na wakazi walihangaika kumtoa, akapewa jina la mmoja wa waokoaji wake, na alipoletwa Bamburi akamkimbilia kobe mkongwe aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, akalala ubavuni pake, akamfuata majini na kwenye majani. Baadaye aliunganishwa na kiboko mwenzake, jike aitwaye Cleo. Habari hiyo ni nzuri, na ni ya kweli, wala sishangai kwamba ilisambaa duniani. Niliwakumbusha watoto jambo moja tu, kwamba kobe yule si wa huku, jamii yake ni ya kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli, ilhali kiboko ni mwenyeji wa mito yetu. Binti yangu alijibu kwamba basi mgeni ndiye aliyempokea mwenyeji. Sikuwa na la kuongeza.

Sitaki mtu anidhanie kwamba sikuona uzio. Niliuona, na nilijiuliza, kama kila mzazi anavyopaswa kujiuliza, ikiwa ni haki kumfurahisha mwanangu kwa mnyama asiyeweza kwenda zake. Twiga anayelishwa kwa saa maalumu si twiga wa porini, na sitawaambia watoto kwamba ni mmoja na yule. Ninachoweza kusema ni kwamba baadhi ya wanyama walioletwa hapa tangu mwanzo walikuwa yatima kama Owen, ambao huko walikotoka wasingeishi, na kwamba jongoo, kenge, tumbili, mnandi na kwera hawakufungiwa na mtu. Wamekaa kwa sababu pamekalika. Kila ninapopapima mahali hapa huwapima hao kwanza.

Njia hizi zilifunguliwa kwa umma mwaka 1984, na bustani ikapewa jina la Haller mwaka 1999. Mjomba alisoma miaka hiyo kwenye ubao, akapiga hesabu kwa vidole, na akaniambia kwamba mwaka 1984 mama yangu aliolewa, na kwamba siku ya harusi gari la maharusi lilipita pale juu, barabarani, yeye mjomba naye akiwa ndani.

Tulikula chakula cha mchana karibu na ule ukuta. Yeye ndiye aliyepachagua. Tumbili wawili walishuka kuja kukagua kikapu, wakaikuta kamba, wakakaa kando kutusubiri tukosee. Mjomba aliketi juu ya sindano za mvinje, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe, hamri mkononi, na kivuli kilikuwa kimetufunika sote bila mtu yeyote kuhitaji kujisogeza. Saa kumi ilipokaribia watoto walisikia kwamba viboko wanakaribia kulishwa, wakakimbia, nami nikainuka kuwafuata. Yeye hakuinuka. Aliniomba nimmiminie chai iliyobaki, kisha akaniuliza bustani hufungwa saa ngapi.